Udongo wa Embakasi

Baba aliutukana udongo huu.
Alichimba misingi Embakasi miaka kumi na tisa,
na kila masika alirudi nyumbani
na kilo mbili kwenye kila kiatu,
akikwangua mlangoni kwa kisu cha Mama,
akisema: hii si ardhi, hili ni deni.
Kiangazi unapasuka, unameza sururu.
Mvua ikija unavimba, unainua ukuta wa mtu
na kuumega kama mkate.
Malori yaliusomba, ukamwagwa
kwenye mashimo ya mawe yaliyoachwa.
Hakuna aliyeuliza bei.

Mimi naupima kwa gramu.

Katika maabara iliyokuwa stoo ya majora,
nyuma ya kiwanda cha nguo, Barabara ya Lunga Lunga,
nauanika, nautwanga, naupitisha kwenye chekeche
hadi uwe laini kama unga wa wimbi.
Kisha asidi kidogo. Moto. Chumvi.
Halafu kitu cha ukoo wa sabuni,
kinachojipenyeza katikati ya tabaka zake
kama noti ya elfu ndani ya Biblia ya bibi.
Udongo ni kurasa, Baba.
Kurasa nyembamba kuliko pumzi,
na kila ukurasa una njaa.
Kule kuvimba ulikokulaani
ndiko kufunguka kwake.

Maji hunifikia yakiwa na rangi ya oda ya wiki:
sare za shule, maruni;
mapazia ya hoteli, kijani kilichochoka;
na msimu wa kampeni, rangi za vyama vyote,
zikapatana mtaroni.

Namimina. Nakoroga. Nangoja.
Dakika ishirini hakuna kitu,
na Mutheki wa zamu ya usiku ananitania:
daktari, umempikia nani uji?
Kisha juu kunaanza kupambazuka.
Chini tope la zambarau linatua taratibu
kama mtu mzito anayetafuta kiti gizani.
Nainua bika dirishani,
naona ndani yake mabati ya Mukuru,
yamepinda kidogo,
lakini nayaona.

Meneja huuliza mambo mawili:
kilo moja ni shilingi ngapi,
na mkaguzi anakuja lini.

Nyaboke ana matuta saba ya sukuma kando ya Mto Ngong.
Alikuja getini na maji kwenye chupa ya soda, meupe pe,
akacheka: haya yangu hayana rangi, mnahangaika bure.
Nikayapima. Sikucheka.
Huko juu kuna jamaa wanaoyeyusha betri kuukuu,
na mle chupani mlikuwa na risasi,
ile isiyolia, isiyotoboa ukuta,
inayomwingia mtoto kijiko baada ya kijiko.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.
Hawakusema kwamba maji nayo
huweza kuwahiwa na udongo.
Udongo ukatoa chumvi yake, ukapokea risasi,
wakabadilishana bila shilingi, bila dalali.
Kipimo cha pili kilishuka hadi karibu na sufuri.
Karibu.
Nilimrudishia Nyaboke chupa yake moja.
Nyuma ya ukuta mto ulikuwa ukipita.

Sasa nina ndoo thelathini na mbili zenye vifuniko.
Zambarau, maruni, kijivu cha betri.
Nimejaribu kuufinyanga matofali na kuyachoma:
tisa yalishika siri yake,
la kumi lilivuja mvua ya kwanza.
Meneja anasema, si ni udongo tu, utupe.
Wapi? Nikiutupa
nitakuwa nimeuhamisha mto
kwa ndoo.

Jana nilitembea hadi nyumbani baada ya mvua.
Mlangoni nikavua viatu, nikachukua kisu, nikakwangua,
na tonge likabaki kiganjani, jeusi, zito, lenye njaa.
Nikasimama pale kitambo kirefu.
Baba angelirusha tu kwenye ua.